Moshi Hauhesabiwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Vwawa nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu. Vilinizidi kidogo, nikavijaza karatasi kwa mbele. Bwana Takwimu, ndivyo tulivyomwita afisa takwimu wa wilaya, na nasikia hata mkewe alimwita hivyo, hakunikaribisha kiti. Alinitazama viatu, akanipa penseli, raba na nusu karatasi, akasema, "Nichoree kwenu."

Kwetu ni Ikinga, milimani Ileje. Nilichora kilima, kijito, kanisa, migomba, na nyumba yetu ya nyasi. Pembeni ya nyumba nikachora jiko la mama, na juu ya jiko mistari mitatu inayojikunja. Nilijivunia ile mistari kuliko nyumba yenyewe.

"Hii mistari ni nini?"

"Moshi, mzee."

Alichukua raba akafuta mwenyewe, moshi kwanza, kisha jiko. Akapuliza vumbi la raba likaniangukia mapajani. "Moshi hauhesabiwi, binti. Jiko halilali mtu. Unachora nyumba wanamolala watu, unachora njia ya kufikia hiyo nyumba, basi. Kesho saa moja na nusu uwe hapa, na uje na viatu vyako."

Nilikuwa mtoto aliyetoka tu kidato cha nne, bado naona aibu kula mbele za watu, na lile neno liliniingia. Nililibeba miaka mingi. Ndilo lililonifanya niheshimike kazini, na ndilo lililonifanya nitende kosa ambalo nataka kuwaeleza leo, nyie vijana mnaohesabu watu kwa kubonyeza vishikwambi.

Watu wengi hudhani sensa ni ile siku moja ambayo karani anakuja mlangoni na dodoso lake. Sisi tulikuwa tumeanza miaka miwili kabla yake. Kazi yetu iliitwa kutenga maeneo: unachukua kata, unaingia kijiji kwa kijiji, kitongoji kwa kitongoji, unaikata vipande ambavyo karani mmoja anaweza kuvimaliza kwa miguu yake. Kila kipande unakichorea ramani, na kila ramani lazima iwe na mipaka ambayo mtu mgeni ataiona kwa macho: mto, barabara, reli, mstari wa nguzo. Vifaa vyetu vilikuwa dira, penseli na miguu. Umbali tulipima kwa hatua. Mpaka leo nikienda sokoni najua ni hatua ngapi.

Bwana Takwimu alikuwa mkali kwa mipaka. Kulikuwa na mwenzetu aliyeandika kwamba mpaka wa eneo lake unapita kwa fundi baiskeli. Karani alipokwenda na ile ramani alikuta fundi kahamia kijiji cha Mpemba, kwenye barabara kuu, kwenye wateja wa malori. Bwana Takwimu alimwita yule mwenzetu mbele yetu sote. "Nenda Mpemba," alimwambia, "ukaulize kama mpaka wetu umefika salama." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na tangu hapo kila kitu kikipotea ofisini tulisema kimehamia Mpemba.

Jambo la pili alilokuwa mkali nalo ni kaya. Alitukaririsha kama katekista: kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Si nyumba, si ukoo, si mji. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu za wapangaji, na kaya moja inaweza kulala katika nyumba tatu. "Uliza swali moja tu," alisema. "Mnakula pamoja? Wakisema ndiyo, ni kaya moja. Usianze kubishana na watu kuhusu chungu chao."

Nilianzia kwetu Ileje, na pale kazi ilikuwa rahisi kwa akili ingawa ilikuwa ngumu kwa magoti. Watu wa kule milimani wamekaa siku zote, kila mmoja anajua jirani yake wa juu na wa chini. Mjumbe wa nyumba kumi ananiambia kwa Kindali, "Hawa ni wetu, wale ni wa mtendaji mwingine," na ndivyo ilivyo. Nikipanda kilima kimoja nakaribishwa chai mara nne. Mama yangu alinilalamikia kwamba nakunywa chai kwa watu wote nikifika kwake nakataa.

Baada ya sensa ya themanini na nane nikahamishiwa Tunduma, na huko ndiko nilikojua kwamba watu hawajaumbwa kwa ajili ya ramani. Hizo zilikuwa siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila wiki kuna kibanda kipya cha mitumba, redio, mafuta ya kupikia, na kila kibanda kina mtu analala nyuma yake. Nilikuwa nikimaliza kuchora mtaa upande wa kushoto, nikigeuka kulia naona upande wa kushoto umeongezeka. Mpaka wa nchi mbili wenyewe ulipita katikati ya watu, na watu hawakuwa na habari nao. Wanasalimiana kwa Kibemba asubuhi, wanagombana kwa Kiswahili mchana, na jioni wanaimba kwaya moja kwa Kinamwanga.

Nakumbuka mzee mmoja muuza chumvi, nyumba yake imekaa kiasi kwamba kitanda kilikuwa Zambia na jiko Tanzania. Nilimuuliza analala wapi.

"Nalala kule, mukwai," akajibu kwa adabu ya Kibemba.

"Unakula wapi?"

"Nakula huku."

"Sasa nikuandike wapi, baba?"

Alifikiri kwa heshima zote. "Andika nusu. Na wale wakija, watamalizia nusu yao."

Nilirudi ofisini na hilo swali, na Bwana Takwimu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kuota mvi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Lakini jibu lake lilikuwa lilelile: unapolala ndipo ulipo. Jiko lile nikalifuta kwenye ramani. Mzee wa chumvi akawa wa ng'ambo, ingawa kila kipande cha ugali alichokula kilipikwa kwetu.

Saza kwenye dhahabu nako nilipelekwa, nikachora kambi ya wachimbaji yenye maduka na kanisa, na niliporudi kuhakiki nilikuta mashimo na mbuzi wawili. Nilizoea. Nikaanza kujiona bingwa. Nilipopandishwa kuwa msimamizi wa utengaji maeneo kwa upande wa bonde la Momba, kujiandaa na sensa ya elfu mbili na mbili, nilikuwa na viatu vyangu mwenyewe, jozi mbili, na sikuwa na mashaka na lolote.

Bonde la Momba ni nchi nyingine kabisa na milima yetu. Ni joto, ni tambarare, ni mbali, na wakati huo familia za wafugaji wa Kisukuma zilikuwa zimeshuka na ng'ombe wao na kufungua mashamba ya mpunga. Kitongoji kimoja kiliitwa Kwa Masanja, kwa jina la mzee aliyetangulia kufika. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ukijaa masika hakuna mtoto anayevuka. Wazee wa pale walikuwa wameomba kitongoji chao kiwe kijiji kamili, kwa sababu kikiwa kijiji kitakuwa na serikali yake, na kitakuwa na haki ya kudai shule. Afisa Mipango wa wilaya, mtu mpole mwenye mafaili mengi, alinikabidhi barua yao kabla sijaondoka.

"Kijiji ni idadi ya kaya," aliniambia. "Wewe unakwenda kutenga maeneo, basi niletee na hesabu ya kaya zao. Zikitosha, mimi nasukuma. Zisipotosha, sina la kusukuma."

Kwa hiyo nilijua. Nataka muelewe hivyo. Sikwenda pale bila kujua kwamba kalamu yangu imebeba shule.

Mzee Masanja alinipokea vizuri mno. Mji wake ulikuwa na nyumba saba zimezunguka zizi, na katikati kwenye uwanja kulikuwa na mahali pa kuota moto na kulia chakula wanaume, wao wanapaita shikome. Alinikalisha pale, yeye na wanawe wanne, nikaletewa maziwa. Nilifungua daftari nikauliza swali langu moja.

"Mzee, hapa mnakula pamoja?"

Alinitazama kama nimemtukana kidogo. "Binti yangu, hapa hakuna mtu anayekula peke yake. Sisi si watu wa mjini. Wanangu wote wanakula hapa, na mgeni anakula hapa."

Nikaandika: kaya moja. Nilikwenda mji wa pili, nikakalishwa shikome, nikauliza, nikajibiwa kwa fahari ileile. Kaya moja. Nilimaliza kitongoji kizima kwa siku tatu, nikashangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Watu walikuwa wengi lakini kaya zilikuwa chache, na mimi nikaona ni kitu kizuri, nikawasifia ofisini kwamba hawa watu wana umoja.

Afisa Mipango alihesabu mara mbili. Kisha akaifunga ile barua ndani ya faili. "Hazifiki hata nusu," alisema. "Kitongoji kitabaki kitongoji."

Nilisikitika kidogo, kama unavyosikitikia timu ya wengine. Nikaendelea na kazi.

Miaka ikapita. Bwana Takwimu akastaafu, akaja Bwana Takwimu mwingine, kijana wa chuo, aliyetuletea kompyuta na kutukataza kupima kwa hatua. Niliozesha watoto wawili, nikamzika mama. Wilaya yetu ikakatwa, Momba ikawa wilaya peke yake, nami na yule kijana tukaangukia huko. Na ilipokaribia sensa ya elfu mbili na kumi na mbili, nikarudi Kwa Masanja na ramani yangu mwenyewe mkononi, nihakiki kama imebadilika.

Mzee Masanja alikuwa ameshafariki. Wanaume walikuwa mbugani na ng'ombe. Nilifika mapema asubuhi, na aliyenipokea alikuwa mkwe wake, mwanamke anaitwa Minza, yuko jikoni kwake anasonga ugali. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", akaniitikia, akanisogezea kigoda bila kuacha kusonga. Nikakaa palepale, kwenye moshi, maana sikuwa na pengine pa kukaa.

Nilimwonyesha ramani, nikamwambia hapa kwenu ni kaya moja, bado ni moja?

Minza alisimamisha mwiko. "Nani alikwambia moja?"

"Baba mkwe wako, marehemu. Alisema mnakula pamoja."

"Wanaume wanakula pamoja," alisema. "Chakula kinatoka wapi? Dada, umemwona mwanaume anapika? Mimi nina shamba langu, nina ghala langu, nina jiko langu. Mke mwenzangu ana vyake. Mke wa shemeji ana vyake, na mwaka wa njaa sijui hata ghala lake lina nini, na siwezi kuuliza. Kila mmoja anapeleka sahani pale shikome. Wewe ulihesabu sahani zilipofika. Hukuuliza zilipotoka."

Alinipa kijiko nionje mboga, labda kwa kunihurumia, maana uso wangu ulikuwa umebadilika.

"Njoo," akasema.

Nyuma ya zizi kulikuwa na kichuguu kikubwa. Tulipanda, yeye mbele na mimi nimeshikilia sketi. Kutoka juu kitongoji chote kilionekana, miji imetawanyika mpaka kwenye mashamba ya mpunga, na kwa kuwa ilikuwa saa ya kupika, kila jiko lilikuwa linatoa moshi. Kwenye mji wa Masanja, ambao mimi niliuandika moja, nilihesabu mistari saba. Mji uliofuata, mitano. Nikaendelea kuhesabu huku machozi yananitoka, na sikuweza kusingizia moshi kwa sababu tulikuwa mbali nao.

Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Maneno ya Bwana Takwimu hayakuwa na kosa, na mimi simlaumu. Kosa lilikuwa langu, la kuuliza wanaume kuhusu chakula. Mimi mwanamke, niliyelelewa jikoni kwa mama yangu, nilikwenda pale nikavuka majiko saba na sahani zinapita mbele ya macho yangu, nikakaa kwenye kiti cha mgeni na kuuliza waliopakuliwa. Kama ningekuwa mwanaume ningejisamehe haraka zaidi.

Nilirudia kitongoji kizima, safari hii kwa wiki mbili, jiko kwa jiko. Bwana Takwimu kijana aliniuliza kwa nini nimechelewa, nikamwambia ukweli, na lazima nimsifu, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mama, andika maelezo yote, saini, na mimi nitasaini chini yako." Afisa Mipango mpya alipokea hesabu, na ile barua ya zamani ikatolewa kwenye faili. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofuata, Kwa Masanja kilikuwa kijiji chenye mhuri wake. Hawakusubiri mtu. Walifyatua tofali wenyewe, wakaezeka vyumba viwili, ikafunguliwa shule shikizi, yaani tawi dogo la ile shule ya ng'ambo, na wadogo hawakuhitaji tena kuvuka mto.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna siku ya sensa yenyewe.

Siku ile makarani wawili waliugua, nikaingia mwenyewe kuhesabu, na jiko la mwisho kwenye orodha yangu lilikuwa la binti wa Minza. Jina lake Kabula. Aliolewa mji wa jirani. Nilimkumbuka, alikuwa mtoto wa miaka saba aliyeniletea maziwa shikome mwaka ule, akayamwaga kidogo kwenye daftari langu na kukimbia. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba na mtoto mgongoni. Tulicheka kuhusu maziwa. Nikaendelea na dodoso: jina, jinsi, umri, umelala wapi usiku wa kuamkia leo. Nikafika kwenye kusoma na kuandika.

"Unaweza kusoma na kuandika?"

"Hapana."

"Umewahi kwenda shule?"

"Hapana, mama. Hatukuwa nayo."

Alijibu bila lawama, hakujua kwamba anayemjibu ndiye mwenye kosa. Nimeandika majibu ya maelfu ya watu maishani mwangu, na yote yalikuwa ya kwao. Yale mawili yalikuwa yangu. Niliyatia alama kwa mkono wangu, penseli ikakatika, nikaichonga, nikarudia. Kisha nikafunga dodoso na kumwambia. Nilimwambia kila kitu, kwamba aliyefanya shule ichelewe miaka kumi ni mimi niliyekaa hapa. Kabula alimsogeza mtoto mgongoni.

"Kumbe ni hesabu tu," alisema mwishowe. "Sisi tulifikiri hamtutaki."

Hiyo sentensi imeniuma kuliko kama angenifukuza.

Nilistaafu mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, kabla mkoa wa Songwe haujazaliwa, ingawa tulishaanza kuchora ramani zake. Waliniandalia soda na keki. Bwana Takwimu kijana alisema kwenye hotuba kwamba katika miaka yangu yote sijawahi kupoteza kaya. Alijua, nami nilijua kwamba anajua, alikuwa ananifunika kwa upendo. Nilisimama nikamshukuru, kisha nikawasimulia vijana habari za Kwa Masanja, kama ninavyowasimulia hapa. Nikawaomba jambo moja: wakifika kwenye mji wa watu, wasikae kwanza kwenye kiti cha mgeni. Waombe kwanza kwenda jikoni. Wengine walicheka wakidhani mama ana njaa.

Siku hizi niko Ikinga. Nyumba ni ya bati, migomba ileile. Wajukuu wananidharau kwa sababu sijui kutuma picha. Asubuhi nikitoka nje nageukia bondeni nahesabu moshi, tabia tu, na nikikosa mmoja namtuma mtu akaulize kama kuna mgonjwa.

Miezi michache baada ya kustaafu, mtendaji wa kata aliniletea bahasha iliyopitia mikono mingi, imechafuka kwenye kona. Ndani kulikuwa na karatasi moja ya daftari la mistari. Mwandiko ulikuwa wa herufi kubwa zilizokazwa mpaka zimetoboa karatasi mahali pengine, na nilijua mara moja kwamba aliyeandika hakujifunza utotoni. Kwenye ile shule shikizi walikuwa wameanzisha kisomo cha watu wazima jioni, akina mama wakishamaliza kupika. Barua ilisema hivi:

MAMA TAKWIMU SHIKAMOO. MIMI NI KABULA. JIKO LETU NI MOJA. ULITUANDIKA WATATU. TUMEONGEZEKA MMOJA WA KIKE. ANDIKA.

Sikuwa na dodoso, wala sensa haikuwepo, wala mimi si mtumishi tena. Nilivaa miwani, nikatafuta penseli ya wajukuu, nikaandika wanne chini ya barua yake. Kisha pembeni nikachora jiko, na juu yake mistari mitatu inayojikunja.